Podo la Upindeni: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua

Podo ni chombo cha kuwekea mishale. Wapo pia wanaoliita ziaka. Liko podo la kuvaa mgongoni, liko la kufunga kiunoni, na liko lile linalofungwa kwenye upinde wenyewe ili mishale iwe karibu na mkono wa mpigaji. Makala hii inahusu aina hiyo ya tatu. Mnunuzi wa Njombe au Makambako hulipata kwa njia mbili: kwa kumwagiza fundi wa ngozi na mianzi, au kwa kuagiza kutoka nje ya nchi kupitia wauzaji wa mtandaoni.

Wanunuzi wengi hulitazama podo kama pambo la upinde, wakachagua kwa rangi, nakshi na bei. Mtazamo huo unaweza kumgharimu mtu kwa namna mbili. Kwanza, podo ni kifaa cha usalama: kazi yake ya msingi ni kuutenga mwili wa binadamu na ncha zilizonolewa ili zikate nyama. Pili, podo lililotengenezwa kwa ngozi ya mnyamapori linaweza kuwa nyara ya Serikali, na kukutwa nalo bila hati ni kosa kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kwa sababu hiyo, maswali mawili yatangulie suala la bei: je, podo hili linafunika ncha zote za mishale? Na je, limetengenezwa kwa ngozi ya mnyama gani?

MATUMIZI HALALI

Kabla ya kuchagua, mnunuzi ajiulize podo litatumika kwa kazi gani. Wapo wanaolihitaji kwa mchezo wa kulenga shabaha, wapo wa vikundi vya ngoma na maigizo, na wapo wanaotaka kulitundika sebuleni au kumzawadia mgeni. Matumizi hayo hayahitaji leseni ya uwindaji.

Kuwinda ni jambo lingine. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 (Sura ya 283) inakataza kuwinda mnyamapori bila leseni, awe mwindaji anatumia bunduki au upinde. Upinde na mishale ni silaha kwa mujibu wa sheria hiyo. Muuzaji anayemwambia mteja kuwa uwindaji wa asili hauhitaji kibali kwa kuwa hautumii risasi anampotosha. Risiti ya podo ni uthibitisho wa manunuzi tu. Haimpi mtu ruhusa ya kuwinda hata digidigi mmoja.

Inafaa kukumbuka pia kwamba masharti hutofautiana kati ya nchi na nchi. Kenya, kwa mfano, ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Anayesafiri na upinde wake kuvuka mpaka aulize kwanza taratibu za nchi anayokwenda.

KWA NINI PODO LIFUNGWE UPINDENI

Wazo la kuweka mishale pamoja na upinde ni la kale katika ukanda wetu. Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi huonekana mara nyingi wakitembea na upinde na mishale katika mkono mmoja. Wakamba wa Kenya wanajulikana kwa podo la ngozi lenye mfuniko, linalobebwa begani. Podo la upindeni linachukua faida za mitindo yote miwili: mishale iko karibu kama iliyoshikwa mkononi, na ncha zake zimefunikwa kama zilizo ndani ya chombo.

Faida zake ni dhahiri kwa mtu anayepita kwenye vichaka, kwa kuwa hakuna kamba ya begani inayonasa matawi, wala mishale haimwagiki mtu anapoinama. Hasara zake nazo zielezwe wazi. Mishale sita yenye uzito wa gramu 30 hadi 40 kila mmoja huongeza gramu 180 hadi 240 juu ya uzito wa podo lenyewe. Upinde wa mbao wa kawaida mara nyingi haufiki kilo moja, kwa hiyo nyongeza hiyo huhisiwa na mkono na huweza kuupindisha upinde upande mmoja. Upepo mkali nao huipata mishale hiyo na kuutikisa upinde. Anayepiga shabaha uwanjani akiwa amesimama mahali pamoja atahudumiwa vizuri zaidi, na kwa gharama ndogo, na podo la kiunoni.

SEHEMU TANO ZA KUKAGUA

1. Kofia ya podo. Hii ndiyo sehemu inayofunika vyembe, yaani ncha za chuma za mishale. Kofia iwe ngumu kiasi kwamba ukiibonyeza kwa kidole gumba haibonyei, na iwe na kina cha kutosha kumeza chembe chote pamoja na mabawa yake yanayokata. Angalia ndani. Kofia nyingi za bei nafuu huwekwa sponji laini. Chembe kilichonolewa huikata sponji hiyo kidogo kidogo hadi ikaacha kukishika. Mpira mgumu hudumu zaidi. Usikubali podo lisilo na kofia kabisa, hata kama muuzaji atasema ndivyo wazee walivyofanya. Mtu anayeteleza kwenye mteremko uliolowa, au anayebebwa kwenye bodaboda akiwa na ncha zilizo wazi karibu na paja lake, hana muda wa kujihami.

2. Vishikizi vya mishale. Hivi ni vijitundu au meno ya mpira yanayobana uti wa kila mshale. Mishale ya mbao kwa kawaida huwa na unene wa milimita 8 hadi 9, ilhali mishale mingi ya kaboni ni myembamba zaidi. Podo lililotengenezwa kwa mishale ya kaboni litaipasua mishale ya mbao au litakataa kuipokea. Na lililotengenezwa kwa mishale ya mbao litaiacha ile ya kaboni ikicheza na hatimaye kuanguka. Nenda dukani na mishale yako mwenyewe. Ikiwa unaagiza kutoka mbali, pima unene wa uti na umtumie muuzaji kipimo hicho kwa maandishi.

3. Namna linavyofungwa. Mapodo mengine hufungwa kwa skrubu, na hayo yanafaa pinde ambazo zimetengenezwa kiwandani zikiwa na matundu yake. Upinde wa mbao tupu usitobolewe kwa ajili ya podo: tundu hilo ndipo upinde utakapovunjikia siku unapouvuta. Kwa upinde wa namna hiyo chagua podo lenye mikanda, na mikanda hiyo ikae karibu na kishikio, mahali ambapo mikono ya upinde haipindi sana. Mkanda uliofungwa mbali kuelekea nchani huubana upinde pale unapopaswa kujikunja.

4. Nafasi ya ugwe. Ugwe ni kamba ya upinde. Baada ya kulifunga podo, vuta ugwe polepole, kisha urudishe polepole. Usiuachie ghafla pasipo mshale, kwa sababu nguvu inayopaswa kuubeba mshale huurudia upinde wenyewe na inaweza kuupasua. Hakikisha ugwe haugusi manyoya wala ncha za nyuma za mishale iliyo kwenye podo. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia na kuuweka mshale upande wa kushoto wa upinde, podo hukaa upande wa kulia. Mwenye kutumia mkono wa kushoto amweleze fundi mapema, kwa maana mapodo mengine hayageuziki.

5. Ukimya na uthabiti. Jaza podo mishale yote, geuza upinde juu chini, kisha utikise mara kadhaa juu ya mkeka au nyasi, watu wengine wakiwa wamekaa mbali. Mshale hata mmoja ukianguka, podo hilo halifai. Ukisikia mlio wa kugongana, mishale inagusana au kishikizi kimelegea. Jaribio hili huchukua dakika moja, na muuzaji mwaminifu hatalikataa.

HALI YA HEWA YA NYANDA ZA JUU

Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ukungu, baridi ya Juni na Julai, na mvua ndefu ni mambo yanayoathiri kifaa kama hiki. Mkanda wa mpira duni hukakamaa kwenye baridi na kupasuka. Uvute kwa nguvu mbele ya muuzaji uone kama unaonyesha nyufa. Ngozi mbichi iliyokaushwa juani huonekana ngumu na imara siku ya kununua, lakini ikilowa hulainika, hunuka na kuota ukungu. Ngozi iliyosindikwa huvumilia zaidi. Mkoa wetu una miti ya miwati, ambayo magome yake hutoa tanini inayotumika kusindika ngozi, hivyo si jambo la ajabu kumuuliza fundi ngozi yake ilisindikwa kwa njia gani.

Mwanzi nao ni malighafi nzuri ya podo, na watu wa hapa wanaufahamu tangu kale kwa sababu ya ulanzi. Chagua mwanzi uliokauka kabisa. Uliokatwa juzi husinyaa unapokauka, ukapata nyufa, na pingili inayotumika kama kitako hulegea. Podo la mwanzi linalofungwa upindeni liwe jembamba na fupi. Lililo zito linafaa zaidi kubebwa begani.

NGOZI YA PODO NI YA MNYAMA GANI?

Hapa ndipo mnunuzi asiye na nia mbaya anapoweza kuingia matatani. Kwa mujibu wa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, nyara si pembe ya ndovu peke yake. Ngozi, nywele, manyoya, mifupa, kwato, meno na kucha za mnyamapori ni nyara pia. Podo lililofunikwa ngozi ya swala au pongo, lililopambwa kwa singa za mbega, au lenye mishale iliyovishwa manyoya ya tai, linaingia katika maana hiyo. Adhabu ya kupatikana na nyara ya Serikali isivyo halali inaweza kufikia kifungo cha miaka 20 au zaidi. Maelezo kwamba kitu kilinunuliwa sokoni hadharani, au kwamba mnunuzi hakujua, hayamhakikishii mtu usalama mbele ya mahakama.

Kwa hiyo zingatia yafuatayo:

Chagua podo la ngozi ya ng'ombe, mbuzi au kondoo, au la mwanzi, turubai au plastiki. Manyoya ya mishale yawe ya kuku, bata, bata mzinga au ya plastiki.

Mwombe muuzaji aandike kwenye risiti aina ya ngozi iliyotumika. Neno "ngozi" peke yake halitoshi. Risiti isomeke, kwa mfano, "podo la ngozi ya mbuzi". Muuzaji anayesita kuandika anachokitamka kwa mdomo amekwisha kukujibu.

Muuzaji akidai kuwa bidhaa yake ni ya mnyamapori na ni halali, aonyeshe leseni yake ya biashara ya nyara na hati inayomruhusu mnunuzi kuimiliki bidhaa hiyo. Hati iwe ya bidhaa hiyohiyo. Nakala iliyochakaa ya bidhaa nyingine haina maana.

Ukiwa na shaka, usinunue. Onana na Afisa Wanyamapori wa Halmashauri yako, au ofisi ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Usilihamishe wala kulisafirisha podo lenye shaka kwenda mkoa mwingine kabla ya kupata ushauri wao.

Tahadhari hii inawahusu pia viongozi wa vikundi vya ngoma. Vazi au podo lililorithiwa kutoka kwa mababu linaheshimiwa kwa historia yake, lakini urithi hauondoi hitaji la hati.

MAPODO YA ZAMANI NA SUMU

Podo kuukuu linalouzwa kama kumbukumbu ya kale lina hatari nyingine isiyoonekana. Jamii kadhaa za Afrika Mashariki zilipaka mishale yao sumu iliyochemshwa kutoka mti wa msunguti. Wahadzabe nao hutumia, miongoni mwa mimea mingine, utomvu wa mmea ambao wapenda bustani huuita waridi la jangwani. Sumu za namna hii hushambulia moyo zikiingia kwenye damu, na zinaweza kubaki na ukali kwa muda mrefu zikihifadhiwa pakavu. Ndiyo maana vyembe vilivyopakwa sumu vilizungushiwa ukanda wa ngozi.

Ukikuta utando mweusi kama lami kwenye chembe, au ukanda wa ngozi uliozungushwa karibu na ncha, usiufungue, usiukwangue, wala usiuguse kwa mkono wenye jeraha. Podo lililowahi kubeba mishale ya aina hiyo lisitumike tena wala lisiwekwe mahali watoto wanapofika. Aidha, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori inakataza matumizi ya sumu na silaha zenye sumu katika uwindaji. Muuzaji anayekunong'oneza kuwa ana "dawa ya mishale" anakuuzia kesi na mauti kwa pamoja.

Mtu akichomwa na mshale ukazama mwilini, usiuchomoe. Mtulize, zuia mshale usitikisike kwa kuzungushia kitambaa safi pembeni ya jeraha, kisha mfikishe hospitali haraka. Ikiwa mshale ni wa kale au una utando mweusi, mweleze daktari.

UNAPOTEMBEA NA UPINDE

Mkoa wa Njombe unapakana na kugusa maeneo yaliyohifadhiwa. Hifadhi ya Taifa Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, inaingia Wilaya ya Makete. Pori la Akiba Mpanga/Kipengere limeenea hadi wilaya za Wanging'ombe na Makete. Kuonekana na silaha ndani ya hifadhi au pori la akiba bila kibali cha maandishi ni kosa, hata kama hukurusha mshale mmoja. Njia ya mkato inayopita hifadhini si njia ya mtu mwenye podo begani au upindeni.

Unaposafiri kwa basi au pikipiki, ondoa mishale upindeni, funika vyembe, legeza ugwe, na ufunge vyote kwenye mfuko. Mjulishe kondakta. Nyumbani, podo litundikwe juu, pakavu, kwenye chumba kinachofungwa.

HAKI ZAKO KAMA MLAJI

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu asili, ubora au matumizi ya bidhaa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa (Sura ya 214) nayo inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na bidhaa ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji kazi yake ifae kwa kazi hiyo. Kwa hiyo, ukimweleza muuzaji kuwa unataka podo la mishale sita ya mbao yenye milimita 9, akakuletea lisiloishika, una msingi wa kudai.

Ili dai lako lisimame, fanya mambo matatu. Dai risiti ya EFD yenye maelezo kamili ya bidhaa. Hifadhi mawasiliano yote na muuzaji, pamoja na picha za bidhaa alizokutumia. Kagua bidhaa siku uliyoipokea, na ukiona kasoro mjulishe muuzaji mara moja kwa maandishi, bila kuitumia. Asiporekebisha, peleka malalamiko yako Tume ya Ushindani (FCC).

KABLA YA KULIPA, JIULIZE

Je, kofia inafunika vyembe vyote, na ndani yake kuna mpira mgumu?

Je, vishikizi vinalingana na unene wa mishale yangu?

Je, linafungwa bila kuutoboa upinde wangu?

Je, ugwe unapita bila kugusa chochote?

Je, limetikiswa likiwa juu chini na hakuna mshale ulioanguka?

Je, risiti inataja aina ya ngozi?

Je, podo na mishale havina dalili ya sumu?

Jibu la "hapana" kwa swali lolote kati ya haya ni sababu tosha ya kurudisha fedha mfukoni na kuendelea kutafuta.